Kikao kimeahirisha ombi letu la kuonyesha "Darwin's Nightmare" hapa Igogo. Nifanyeje?

BintiIgogo aliuliza:

Wana Mwanza mwangaluka, na wakubwa zangu wote shikamooni.

Nina jambo linaninyima usingizi. Naomba mnisaidie, hasa nyinyi mliokuwepo mjini mwaka 2006, filamu hii ilipozua kelele, na nyinyi mnaojua sheria.

Tuna kikundi cha vijana hapa Igogo. Mwisho wa mwezi tunaazima projekta, tunatundika shuka jeupe ukumbini, tunaonyesha filamu, halafu watu wanabaki kujadili mpaka mlinzi aanze kutikisa funguo. Hatutozi kiingilio. Safari hii vijana wenyewe waliomba tuonyeshe "Darwin's Nightmare", ile filamu ya mwaka 2004 ya Hubert Sauper wa Austria, iliyopigwa hapa hapa Mwanza, inayohusu sangara, yule samaki mkubwa wa Ziwa Victoria, na ndege za mizigo zinazobeba minofu yake. Nikasema sawa, ila tufuate utaratibu. Nikaandika barua ya kuomba kibali, nikaipeleka kwa mkono ofisini kwa wahusika, nikagongewa muhuri kwenye nakala yangu.

Jibu lilikuja kwa mdomo tu. Afisa aliyenipokea ni muungwana, sina ugomvi naye. Alinieleza kwamba barua ilijadiliwa kikaoni. Wengine walisema hiyo filamu viongozi walishaikataa. Wengine wakasema vijana wa leo hata hawaijui, ya nini kufukua makaburi. Mmoja akauliza nani ametutuma. Wengine walitaka turuhusiwe kwa masharti, wakashindwa kukubaliana masharti gani, basi wakaahirisha, na kikao kijacho hakina tarehe. Nilipoomba niandikiwe, nikaambiwa nivute subira. Nikamuuliza: katika waliokaa, yupo aliyeiona? Alinyamaza kidogo, kisha akasema yeye binafsi hajaiona.

Hilo ndilo lililoniuma, na niwaeleze kwa nini.

Mimi nimezaliwa Igogo na nimesomeshwa kwa mapanki. Kwa mgeni wa mambo haya, panki ni kinachobaki kiwandani minofu ya sangara ikishatolewa: kichwa, mfupa wa mgongo, mkia, na nyama kidogo iliyong'ang'ania kwenye mbavu. Mama alikuwa anaondoka nyumbani giza halijaisha kwenda kupanga foleni getini, akirudi ndoo kichwani na nyingine mkononi. Anayaosha kwa maji ya chumvi, anayakata vipande, anayaachia kwenye karai mafuta yakiwa yameshachemka sawasawa, na hayaopoi mpaka ule mfupa mwembamba ukiuuma unakatika wenyewe. Vichwa aliviuza kando kwa bei yake, maana kichwa cha sangara mkubwa kina nyama ya shavu inayomshibisha mtoto. Minofu yenyewe hatukuijua. Ilikuwa inapanda ndege.

Sasa mkiiona ile filamu, kuna sehemu ya uwanja wa chanja za kuanikia mapanki: matope, funza, na mama mmoja mwenye jicho lililoharibika akieleza kazi yake. Nilipoiona mara ya kwanza kwenye simu nilikasirika sana. Nilitaka kumwambia aliyeipiga: ungekaa siku nzima na mama yangu, ungemwuliza mtaji anaupata wapi, foleni inampa nani nafasi ya mbele, na kwa nini anayemvulia Mzungu samaki amwachie mwanawe mfupa. Lakini nikaitazama tena, na siwezi kusema yote ni uongo. Wale watoto wanaogombania wali, wanaovuta moshi wa plastiki iliyoyeyushwa wapate usingizi, watoto wa aina hiyo niliwaona mjini nikiwa mwanafunzi. Yule dada anayekaa na marubani na kuimba wimbo wa kuisifu Tanzania, na baadaye tunaambiwa ameuawa na mteja, sitaki mtu aniambie hakustahili kuonekana.

Halafu kuna suala la silaha, yaani dokezo la filamu kwamba ndege zinazokuja kuchukua minofu huleta silaha Afrika. Hakuna picha hata moja kwenye filamu ile inayoonyesha bunduki ikishushwa uwanja wa ndege wa Mwanza. Kuna rubani anayesimulia safari ya Angola, kuna mwandishi wa habari anayeeleza anachokijua, na kuna madege makubwa aina ya Ilyushin yanayotua, inasemekana, bila mzigo. Mtazamaji anaachiwa aunganishe mwenyewe. Hapo ndipo ningependa vijana wetu wabishane: picha inathibitisha nini, na maneno yanathibitisha nini?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Sisi wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa, tumesemewa mara mbili. Kwanza alitusemea mtu wa mbali na kamera yake. Kisha wakatusemea wakubwa wetu waliomjibu kwa niaba yetu. Sisi wenyewe hatujawahi kukaa kwenye chumba kimoja tukaitazama na kusema hapa kweli, hapa umetuonea. Ndicho ninachokiomba.

Maswali yangu: kisheria nimekwama wapi? Je, iliwahi kupigwa marufuku rasmi au watu wanakumbuka hotuba tu? Na nyinyi mliokuwepo 2006, mngependa ionyeshwe?

---

MzeeWaMinofu alijibu:

Marahaba binti. Umeandika kwa adabu, nami nitakujibu kwa adabu, ila sikubaliani nawe.

Mimi nilikuwa kiwandani, kwenye meza ya kukatia minofu, kisu mkononi, buti za mpira miguuni, barafu mpaka vidole vinakufa ganzi. Nakumbuka Ulaya ilivyotufungia soko, mara ya kwanza 1997, kisha tena 1999 kwa madai kwamba samaki wa ziwa letu wanavuliwa kwa sumu. Sijui kama wewe ulikuwa na umri wa kuelewa. Zamu zilikatwa. Tulikuwa tunafika getini asubuhi tunaambiwa hakuna samaki leo, rudini. Mvuvi akashusha bei kwa sababu hana wa kumuuzia, na mama zenu wa mapanki nao wakakosa, kwa kuwa minofu isipokatwa hata panki halipo. Huko mbali mtu anatia saini karatasi, huku Igogo watoto wanalala njaa.

Sasa mwaka 2006 filamu hiyo inashindania tuzo ya Oscar Marekani, na Ufaransa kuna watu wanatoa wito sangara asusiwe. Ulitaka Serikali ikae kimya? Rais Kikwete aliikemea hadharani, akasema imeichafua nchi na hayo ya silaha hayana ushahidi. Bunge nalo likaijadili na kuilaani. Hapa mjini tuliandamana, nami nilikuwemo, na ningeandamana tena, maana nilikuwa natetea mkate wangu. Na nilisikia wale watoto walilipwa waigize.

Kwa hiyo wanaosita kwenye kikao chako usiwaone wajinga. Wapo wanaokumbuka njaa. Kama lazima uionyeshe, usiwaonyeshe watoto, na usiionyeshe peke yake.

---

BintiIgogo:

Mzee wangu, asante. Hilo la 1999 mama amenisimulia, na nimelipokea. Serikali kujibu filamu kwa hotuba, kwa takwimu, hata kwa hasira, mimi naona ni haki yake. Ningeshangaa kama Rais angenyamaza. Lakini jibu linahitaji msikilizaji anayejua swali. Wewe uliandamana kutetea mkate wako; mjukuu wako akikuuliza mliandamana kupinga kitu gani hasa, utamwonyesha nini?

Na ule usemi wa "nani amewatuma" unanichoma. Mtoto wa Igogo akiuliza habari za Igogo atafutiwe aliyemtuma?

---

MsomaSheria_Nyegezi alijibu:

Dada, nijibu upande wa sheria, ndiko ninakokujua.

Sheria inayotawala ni Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, pamoja na marekebisho yake. Filamu kuonyeshwa hadharani kunahitaji kibali, na mfumo una Bodi ya Filamu ngazi ya taifa, na chini yake ngazi za mkoa na wilaya. Kwa hiyo ulifanya vizuri kuandika barua. Usiegemee hoja ya kutotoza kiingilio. Watu wa mtaa mzima wakikusanyika ukumbini hayo ni maonyesho ya hadhara.

Ila tenganisha mambo. Hotuba ya Rais ni hotuba. Azimio la Bunge la kulaani ni azimio. Hakuna kati ya hayo lililo uamuzi wa Bodi kuhusu maonyesho yako. Mtu akikwambia "ilishakataliwa", mwombe kwa upole akuonyeshe uamuzi: ulitolewa na nani, lini, kwa kifungu gani. Kama upo, utausoma na utajua pa kuanzia. Kama haupo, basi kikao kinaamua upya na kinapaswa kuiona filamu kwanza. Bodi kazi yake ni kutazama. Hata mtu anayekusudia kukunyima hawezi kuweka daraja la umri kwa filamu ambayo hajaiona.

Andika barua ya pili, fupi. Taja ibara ya 18 ya Katiba, ya uhuru wa maoni na haki ya kutafuta na kupokea habari, na usijifanye huijui ibara ya 30 inayoweka mipaka, kwa sababu wao wataitaja. Halafu tumia Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2016: omba muhtasari wa uamuzi wa kikao kuhusu barua yako. Sheria hiyo inampa mwenye taarifa siku 30 kukujibu. Subira ya mdomo haina mwisho, siku 30 zinao.

Jambo ambalo watu husahau: hakimiliki. Filamu uliyoipata kwenye simu huwezi kuiweka ukumbini ukadai unafuata utaratibu. Waandikie wenye haki ya kuisambaza, waeleze ni maonyesho ya mtaani na hakuna kiingilio. Ukiwa na idhini yao mkononi, kikao kinapungukiwa sababu.

Kwa mzee wangu wa minofu, na heshima zote: madai kwamba mambo yalipangwa na watoto wakalipwa yalifika mahakamani Paris. Mwanahistoria wa Kifaransa, François Garçon, aliyashikia bango, Sauper akamshtaki, na mwaka 2008 mahakama ikamwona Garçon ana hatia ya kumkashifu. Hukumu hiyo haisemi kwamba filamu ina haki katika kila kitu. Inatosha kutuzuia tusiyarudie madai hayo kama jambo lililothibitika.

---

JaKisumu alijibu:

Salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Samaki ni mmoja na tabia za ofisi ni zile zile.

Kwetu Kenya mwaka 2018 Bodi ya Filamu iliipiga marufuku "Rafiki" ya Wanuri Kahiu. Mwongozaji akaenda Mahakama Kuu, jaji akasimamisha marufuku kwa siku 7 ili filamu itimize sharti la kushindania Oscar. Siku hizo 7 watu walijaa kumbini Nairobi mpaka tiketi zikawa zinatafutwa kwa udi na uvumba. Wengi hawangeisikia kamwe kama isingezuiwa.

Na ile ya BBC ya mwaka 2025, "Blood Parliament", kuhusu risasi zilizopigwa nje ya Bunge siku ya maandamano ya 25 Juni 2024: maonyesho yaliyopangwa Nairobi yakafutwa, BBC wenyewe wakasema ni kwa shinikizo la mamlaka, kisha watengenezaji filamu wanne wakakamatwa na baadaye kuachiliwa. Wakati huo huo iko mtandaoni, watu wanaitazama kwenye matatu.

Kwa hivyo dada, wewe unayeomba ruhusa watu waitazame pamoja na kubishana, ndiye unayeifanyia Serikali hisani. Akiitazama mtu peke yake saa sita za usiku kwenye simu, nani atamwambia kwamba pale kwenye silaha hakuna picha?

---

MamaKarai alijibu:

Wanangu hamjambo. Nimesomewa hapa na mjukuu, naye ndiye anayeniandikia.

Mimi nilikaanga, na nilianika pia. Kwenye chanja nilikuwepo, si katika filamu, lakini chanja zile zile. Nisikilizeni kidogo.

Kulikuwa na mapanki ya kukaanga na mapanki ya kuanika. Ya kukaanga yanatakiwa mabichi ya siku hiyo hiyo, mteja wako ni jirani yako, ukimlisha kilichooza kesho harudi na mtaa mzima unajua. Yaliyochelewa, yaliyoanza kunuka, ndiyo yalikwenda juani. Mvua ikinyesha mfululizo nzi wanataga, funza wanajaa, unageuza kwa mkono huku unajifunga kanga puani, macho yanawasha mpaka unalia bila msiba. Mengine yalikwenda kusagwa kuwa chakula cha kuku. Mengine yalisafirishwa mbali, na watu waliyala, nani atakataa? Hatukuwa na glavu wala miwani, maji ya kunawa tulinunua. Tulimwomba mtu mmoja mwenye uwezo atujengee sakafu ya saruji na bomba la maji, tukaahidiwa.

Zile kelele za filamu zilipokuja, tulisikia redioni kwamba tumechafuliwa. Nikajiuliza tumechafuliwa na nani, maana matope yale nilikuwa nayakanyaga kabla mtu wa kamera hajafika. Hakuna aliyekuja pale chanjani kutuuliza, si wa kamera baada ya kuondoka kwake, si wa redio, si wa kikao. Walibishana juu yetu kwa lugha nzuri nzuri, sisi tunageuza mapanki.

Mzee wa minofu, ndugu yangu, umesema kweli kuhusu njaa ya 1999. Niliuza kanga zangu mwaka ule. Lakini usiseme tulinde jina la mji kwa kuficha macho ya mama yule. Mimi sijaiona filamu. Nataka kuiona. Nataka kumwona, huenda namjua.

---

BintiIgogo:

Mama mkubwa, shikamoo. Nimemsomea mama yangu maneno yako, amekaa kimya, halafu akasema "huyo anaijua chanja".

Nimeshaanza barua ya pili kama alivyonielekeza wa Nyegezi. Nimeomba uamuzi kwa maandishi, na nimependekeza kitu ambacho sijui kama kimewahi kuombwa: kwamba wajumbe wa kikao waitazame kwanza na sisi, asubuhi, mlango umefungwa, kabla hawajaamua chochote. Tutawaletea chai na mihogo. Waandike wanapotaka tukatishe picha tutoe maelezo. Umri tumependekeza wenyewe kuanzia miaka 18, kwa sababu ya yule dada aliyeuawa na wale watoto wa moshi. Hapo Mzee wangu nimekuunga mkono. Kwa wenye haki ya filamu nimeshaandika, kwa Kiingereza changu cha sekondari.

Mzee wa Minofu, naomba uje ukae mbele siku hiyo. Uwaeleze vijana kuhusu 1997 na 1999 baada ya filamu, uwaambie kwa nini uliandamana. Sitakukatisha. Na wewe Mama mkubwa, kama afya inaruhusu, ukae upande wa pili.

---

MzeeWaMinofu:

Wajumbe wakikubali kuja, nami nitakuja. Wasipokuja sitakuja, sitaki kuonekana nimegeuka. Na hilo la Paris nimelisoma, sitalisema tena ukumbini.

---

MamaKarai:

Nitakuja, wakija wasipokuja. Ila mwanangu, mjukuu ananiambia marubani wanaongea Kirusi na Kiingereza na maandishi yanapita chini. Mimi maandishi hayo siyasomi, na wenzangu wa chanjani wengi hawasomi. Tafuta kijana wa vibanda vya video, wale wanaotafsiri filamu kwa kipaza sauti, lakini mwambie asiongeze chumvi. Aseme walichosema tu. Nataka kusikia yule rubani alisema nini hasa kuhusu Angola.

---

BintiIgogo:

Kijana yupo, anafanya kazi hiyo Mabatini. Nitamfuata Jumamosi akishafunga kibanda, nimpe filamu aisikilize mapema, na nitakaa naye mstari kwa mstari mpaka tukubaliane maneno. Barua naipeleka Jumatatu. Wakinigongea muhuri nitaweka tarehe hapa.